Hizo bodi zinazong'aa kwenye maghorofa ya Dodoma, karatasi zake anazo nani?

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako maana kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu na nimeona nisiposema mimi ambaye mikono yangu ndo imefanya kazi yenyewe sijui atasema nani. Mimi ni fundi aluminiamu, karakana yangu iko Chang'ombe hapahapa Dodoma, nilianza kama saidia fundi na leo nina vijana wanne nafanya nao kazi, tunatengeneza madirisha, milango, partisheni za ofisi, na miaka hii ya karibuni kazi yenye hela imekuwa kuyavalisha maghorofa zile bodi za nje za aluminiamu ambazo wateja wanazipenda kwa sababu jengo linang'aa na hata vumbi letu la Dodoma ukilipiga maji linatoka. Wenye elimu wanaita kladingi. Sisi mafundi wengi tunaziita zote kwa jina la kampuni moja tu bila kujali bodi imetoka wapi, na hilo lenyewe ni sehemu ya tatizo maana mteja akisikia jina anaona mambo yameisha.

Wengi mnaopita chini mnadhani lile ni bati nene, siyo bati. Ukiikata ukaiangalia pembeni utaona ni kama mkate uliopakwa kitu katikati, bodi nzima ina milimita 4, mbele kuna ngozi ya aluminiamu ya nusu milimita, nyuma nusu milimita, na katikati milimita 3 za kitu kingine kabisa, na hicho cha katikati ndo chenye kesi. Bodi za bei ya chini katikati ni plastiki tupu, polithini, yani ukoo mmoja na dumu la maji na mfuko wa rambo. Nyingine plastiki imechanganywa na madini ili moto usishike haraka, na zile nzuri zaidi karibu yote ni madini. Sasa zikishafungwa ukutani zote sura moja, mimi na uzoefu wangu wote nikisimama barabarani siwezi kukuambia hii ni ipi na hii ni ipi, na hata rangi ya katikati haikupi uhakika, mpaka upate karatasi ya kiwanda inayosema katikati kuna nini, au ukate kipande kikapimwe.

Nieleze kilichonifanya niandike. Kuna saiti moja nilifanya kazi, jengo la apatimenti, silitaji wala simtaji mwenye jengo wala kontrakta kwa sababu lengo langu siyo kumuanika mtu mmoja. Kwenye ramani iliandikwa bodi za nje ziwe za kuzuia moto, nimeiona kwa macho yangu. Mzigo ulipokuja nikageuza bodi nyuma natafuta maandishi, hakuna kitu zaidi ya mshale wa kuonyesha upande wa kufunga. Nikamuuliza foromani karatasi ya kiwanda iko wapi, akaniambia itakuja, siku ya pili nikauliza tena nikaambiwa we fundi umeitwa kufunga bodi, funga. Nikafunga. Nilikuwa na kodi ya karakana na ada ya mtoto, na vijana wangu walikuwa wameshafunga skafoldi wanasubiri hela ya kula, lakini sitaki nijifiche nyuma ya hayo, nilifunga nikijua nimeuliza na sijajibiwa.

Jioni nikabeba kipande kilichobaki nikakipeleka karakana, nikakibana kwenye jiliwa nikakiwashia moto wa gesi upande uliokatwa. Haikuchukua muda. Ile ya katikati ikaanza kuyeyuka, ikashika, matone yakawa yanadondoka sakafuni huku yanawaka, na kila tone likifika chini linaendelea kuwaka, ngozi za aluminiamu zikajikunja zikaachana moto ukapata nafasi zaidi. Tulizima kwa mchanga. Kijana wangu mmoja akaniuliza, bosi si ndo hizi tulizofunga leo ghorofa ya 5? Sikuwa na jibu la kumpa na usingizi wa siku ile ulikuwa wa shida.

Na kwa wasiojua kazi yetu, bodi hazigandishwi moja kwa moja kwenye ukuta, tunafunga kwanza fremu ukutani alafu bodi tunazipiga riveti juu ya fremu, kwa hiyo nyuma ya bodi inabaki nafasi kutoka chini mpaka juu. Moto ukiingia hapo unavutwa juu kama kwenye dohani. Ndo maana kwenye kazi iliyonyooka kunawekwa vizuizi vya moto kila ghorofa na kuzunguka madirisha, na hivyo vizuizi mwenye jengo havioni, mpangaji havioni, anayevijua ni aliyefunga na aliyekagua. Kama kuna aliyekagua.

Watu wakisikia habari hizi wanasema fundi unakuza mambo. Basi naomba wakumbuke London, jengo la Grenfell, usiku wa kuamkia tarehe 14 Juni 2017. Ghorofa 24, watu wa kipato cha kawaida, nyumba za umma, wahamiaji wengi na humo wamo waliotoka kwetu Afrika. Moto ulianzia jikoni ghorofa ya 4 kwenye friji, saa 7 kasoro dakika chache usiku. Zimamoto walifika haraka na moto wa jikoni wakaupiga, ila ulikuwa umeshatoka dirishani umeshika bodi za nje, na saa 7 na nusu hivi ulikuwa umeshafika juu kabisa. Bodi zenyewe ni hizihizi ninazowaelezea, milimita 3 za polithini katikati, zilifungwa kwenye ukarabati uliokamilika 2016, na mwanzo ilipangwa ziwekwe za zinki zikabadilishwa kuokoa hela. Ngazi ilikuwa moja. Wakazi waliopiga simu waliambiwa wabaki ndani wakae watulie, maelekezo hayo yakaja kubadilishwa saa 9 kasoro usiku wakati ngazi imejaa moshi. Wakafa watu 72.

Lakini kinachoniuma kuliko vyote siyo moto, ni karatasi. Kumbe mwaka 2001 kulikuwa na majaribio yaliyofanywa kwa ajili ya serikali ya Uingereza, bodi za aina hiyohiyo ziliwashwa na zikawaka vibaya sana, majibu hayakutangazwa na kanuni hazikukazwa. Mwaka 2009 jengo lingine la London linaitwa Lakanal House likaungua wakafa watu 6, na 2013 jaji aliyechunguza vifo vile akaiandikia serikali kwamba mwongozo wa usalama wa moto kwenye majengo urekebishwe ueleweke, nao ukaendelea kukaa. Kutoka 2001 mpaka 2017 ni miaka 16. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa majaribio yale alikuwa kidato cha nne bodi zilipowaka kweli zikiwa na watu ndani. Tume ya uchunguzi chini ya jaji mstaafu Martin Moore-Bick ilipotoa ripoti yake ya mwisho Septemba 4, 2024 ilisema vifo vyote vile vingeweza kuepukika na ikaeleza miongo ya serikali kushindwa kuchukua hatua, pamoja na kampuni zilizouza vifaa kwa kudanganya kuhusu vipimo vyake. Waziri Mkuu Keir Starmer akasimama bungeni siku hiyohiyo akaomba radhi kwa niaba ya nchi. Kwenye tume hiyo kila kampuni na kila ofisi ilikuja na maelezo kwamba kazi ile ilikuwa ya mwenzake, mbunifu anasema kontrakta, kontrakta anasema mkandarasi mdogo, mkandarasi mdogo anasema wakaguzi walipitisha.

Na wale wana hela na wana wataalam. Ofisi yao ya ukaguzi wa hesabu ilisema Novemba 2024 kwamba majengo ya mita 11 kwenda juu yenye bodi hatari yanaweza kuwa kati ya 9,000 na 12,000 na mpaka asilimia 60 ya hayo yalikuwa bado hata hayajatambuliwa ni yapi. Yani miaka 7 baada ya watu 72 kufa bado wanatafuta ukuta upi una nini, kwa sababu wakati wanajenga hakuna aliyeweka orodha. Watu wamekaa kwenye nyumba ambazo hawawezi kuziuza, wengine walichangishwa hela za kulipa walinzi wa kuzunguka usiku kucha kunusa moshi, mpaka sheria ya 2022 ilipokuja kuwapunguzia mzigo.

Sasa nirudi kwetu. Uamuzi wa makao makuu kuja Dodoma ni wa 1973, tukakaa nao miaka, mwaka 2016 hayati Magufuli akasema serikali inahamia kweli, Aprili 2018 tukawa jiji. Sensa ya 2012 Dodoma mjini tulikuwa watu 410,956, ya 2022 tukawa 765,179. Anayekumbuka Nzuguni au Iyumbu au Njedengwa ya zamani anajua ninachosema, pale palikuwa na mashamba ya uwele na mibuyu. Ghorofa zimeota, ofisi, hosteli za wanafunzi, hoteli, apatimenti za kupangisha watumishi na wabunge. Nafurahi, mimi mwenyewe nimekula humo. Ila huu ndo wakati wenyewe wa kuandika kilichopo ukutani, kwa sababu jiji letu bado changa na maghorofa yake yanahesabika, ukichukua vijana wa chuo wenye daftari na injinia wa kuwaongoza unayamaliza. Tukingoja miaka 15 tutakuwa tunatafuta kama Uingereza na sisi hatuna hela ya kutafutia.

Ninachoiomba serikali kwa hiyo ni kitu kimoja, itengeneze orodha ya wazi ya maghorofa ya Dodoma inayosema jengo fulani nje limevalishwa nini, bodi imetoka kiwanda gani, katikati ina nini, nani alileta karatasi, nani alikagua na akasaini lini, na orodha hiyo mpangaji yeyote aweze kuisoma kwenye simu yake au ibandikwe pale mlangoni karibu na mita za umeme. Ianze na majengo ya umma, yaliyojengwa kwa kodi zetu na kwa michango ya wafanyakazi, maana huko hakuna wa kusema hii ni mali yangu binafsi usiniulize.

Nitaambiwa hayo yapo tayari, kuna vibali. Ni kweli vipo. Halmashauri ya Jiji inatoa kibali cha ujenzi, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina sheria yake ya 2007 na linakagua, TBS ni ya viwango, kuna bodi ya wabunifu majengo, bodi ya wahandisi, bodi ya makandarasi, na OSHA wanaangalia usalama wetu tukiwa kazini. Kila mmoja kashika kipande chake, ila mimi ninayezungumzia ile milimita 3 ya katikati nataka kujua imo kwenye kipande cha nani. Niliwahi kwenda ofisi moja ya umma, siitaji, na kile kipande changu kilichoungua nimekifunga kwenye gazeti, nikauliza nikitaka kujua bodi iliyofungwa mahali fulani imepitishwa namuuliza nani. Dada wa mapokezi alinisikiliza vizuri tu, akampigia mtu, yule akasema hilo siyo la kwao niende ofisi nyingine, huko nyingine nikaambiwa niandike barua nikiwa mwenye jengo. Mimi siyo mwenye jengo, na mpangaji aliyelala ghorofa ya 5 na watoto wake naye siyo mwenye jengo. Kwa hiyo sisi tuliofunga na wale wanaolala humo ndo hatuna haki ya kuuliza? Hapa ndo ninapoona Grenfell ilipoanzia, siyo kwenye friji.

Na tusiseme serikali yetu haiwezi. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima na ikasimamiwa, mama muuza nyanya soko la Majengo alijua, bodaboda alijua, abiria wa ndege walielezwa wasishuke nayo. Plastiki ya kubebea nyanya tuliweza kuifuatilia mpaka kwenye kikapu. Basi hii ambayo tunaipiga riveti ukutani juu ya vichwa vya watu tunashindwaje kuifuatilia, ambayo inakuja kwa kontena na ina nyaraka za forodha? Uingereza toka Desemba 2022 bodi zenye polithini tupu katikati haziruhusiwi kufungwa kwenye jengo lolote, liwe refu liwe fupi, kwa hiyo wale wanaosema ghorofa zetu za 4 na 5 ni fupi hazihusiki nao wafikirie tena.

Alafu kuna mambo ya kwetu wenyewe yanayoongeza uzito. Upepo wa Dodoma mnaujua, kuanzia Juni mpaka Oktoba unapiga mchana na usiku na kila kitu kimekauka. Mgao wa maji mnaujua, kuna mitaa bomba linatoa kwa zamu, sasa askari wa zimamoto akifika maji atayatoa wapi kama jengo halina tenki lake la dharura. Madirisha tumeyawekea nondo kwa sababu ya wezi, nyingi nimezichomelea mimi, na hazifunguki kwa ndani. Ngazi ya jengo ni moja na chini yake zimepaki pikipiki. Na sa hivi serikali inatuhimiza tuache mkaa tupikie gesi, mkakati unasema ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi, jambo jema sana kwa mapafu ya mama zetu na kwa miti yetu, ila maana yake mitungi itapanda mpaka ghorofa ya mwisho. Moto mdogo wa jikoni utakuwepo tu, hata Ulaya upo. Swali ni ukitoka dirishani unakuta nini nje.

Ya majengo kutuua siyo mageni kwetu. Machi 29, 2013 ghorofa 16 liliporomoka katikati ya Dar es Salaam wakafa watu 36. Novemba 16, 2024 likaanguka la Kariakoo, tukakesha kwenye simu tunaangalia watu wanachimba kwa mikono kufuata sauti za waliofukiwa, wakafa zaidi ya 25, na Waziri Mkuu wa wakati ule Kassim Majaliwa akaunda kamati ya kukagua majengo ya Kariakoo. Kukagua ni sawa, ila ukaguzi tunaufanya baada ya mazishi, na unaelekezwa mtaa uleule ulioanguka. Dodoma hatujaungua na namuomba Mungu tusiungue, lakini kamati ya hapa nataka iundwe watu wakiwa hai.

Kuhusu gharama, naona litakuja swali bodi mbaya zikipatikana nani alipe kuzitoa. Mimi msimamo wangu asilipe mpangaji kwa kupandishiwa kodi. Alipe aliyeagiza kitu tofauti na ramani, na kama ni jengo la umma tuambiwe aliyepokea kazi alipokea nini na aliyekuwa anasaini hundi alisaini akiwa ameona karatasi gani, CAG, yani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ana uwezo wa kulifuatilia hilo kwenye ukaguzi wake wa ufanisi. Na sisi mafundi tuwekewe kinga. Fundi akikataa kufunga bodi isiyo na karatasi leo anaondolewa saiti na kesho anafunga mwingine, nimeyaona. Kukiwa na kanuni kwamba bodi isiyo na karatasi haipandi ukutani na sampo yake inabaki kwenye faili la jengo, basi foromani hawezi kuniambia funga, nitamuonyesha kanuni.

Waheshimiwa wabunge ninyi mnakaa nasi hapa kila mwaka kuanzia Aprili mpaka Juni kwenye bajeti, mnapanga apatimenti hizihizi za Ilazo, Kisasa na Medeli, mnazijua lifti zake na ngazi zake. Nawaomba mmoja wenu tu amuulize waziri mwenye dhamana ya ujenzi na waziri mwenye dhamana ya zimamoto, wote wawili kikao kimoja ili asiwepo wa kusema hilo ni la mwenzangu, kwamba orodha ya bodi za nje za maghorofa ya Dodoma iko ofisi gani na mwananchi anaisomea wapi, na jibu liingie kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge. Kamati yoyote ikinihitaji nitakuja, nitaeleza nilichofunga na wapi, sitamuogopa mtu. Kile kipande ninacho mpaka leo, nusu kimeungua nusu kizima, nyuma nimekiandika tarehe kwa makapeni, kipo kwenye droo ya meza ya karakana.

Fundi aluminiamu,
Chang'ombe, Dodoma
(Jina na namba ya simu anavyo mhariri)